Shauri la Uaskari

Mwezi huu tumependa kuwaletea habari za kale juu ya jambo lililo zito katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, nalo ni shauri la kijana anayetaka kuwa askari. Kabla ya kuzieleza habari hizo yafaa mjue ni nini kilichotufanya tuzitafute.

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na miti vikateremka kwa kishindo mpaka mji wa Katesh na vijiji vya karibu, kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wakaachwa bila nyumba wala kitu. Serikali ikaleta askari wa Jeshi la Wananchi pamoja na vikosi vingine, nao wakachimba tope, wakatafuta miili ya waliokufa na kufungua njia. Katika watu waliosimama kutazama alikuwamo kijana mmoja ambaye sisi ndio tuliomfundisha kusoma. Alimwona askari akitoka topeni amebeba maiti ya mtoto, naye askari yule analia. Tangu siku ile moyo wa kijana haukutulia.

Miezi michache baadaye alikuja kwetu jioni. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwitikia, tukampa kiti. Akasema, "Mwalimu, nataka kujiandikisha jeshini. Baba amekubali, lakini mama amekataa. Kila nikilitaja neno hili huondoka jikoni akaenda kukaa peke yake. Wewe wasemaje?"

Hatukumjibu. Twamjua mama yake. Mwaka 1978, yeye angali msichana mdogo, kaka yake alikwenda vita vya Kagera pamoja na mgambo, wala hakurudi. Kumwambia kijana "Nenda" kungekuwa kumdharau mama huyo. Na kumwambia "Usiende" kungekuwa kuzima moto mwema uliowaka ndani yake siku ile ya Katesh. Basi tukamwambia arudi baada ya Jumapili mbili. Katika siku hizo tulikaa tukakumbuka jinsi vijana wa nchi hii, na wa Tanganyika yote, walivyoingia uaskari tangu zamani. Tulitaka kujua ni nani aliyechagua mwenyewe, ni nani aliyechaguliwa na wengine, na ni nani aliyekokotwa tu.

Zamani za mababu hakuna aliyeuliza habari za kujiandikisha. Wairaqw walikuwa wakulima na wafugaji katika milima ya Irqwar Da'aw, upande wa Kainam, na ngome yao ilikuwa milima yenyewe. Wamaasai walipokuwa wakiteka ng'ombe katika mbuga, Wairaqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima na kuziezeka kwa udongo, hata mtu aliye mbali asitambue kwamba pana mji mahali pale. Usiku ng'ombe walilala humo pamoja na watu. Siku ya kushambuliwa kila mwanamume mwenye nguvu alitoka na silaha yake, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kutoka.

Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, walikuwa na desturi nyingine. Watu wengi huwaita Wamang'ati, na neno hilo latoka katika lugha ya Kimaasai, maana yake ni adui. Kwa jina hilo twajua jinsi walivyopigana na jirani zao. Kwao kijana alijipatia sifa kwa mkuki wake. Aliyeua simba alisifiwa mbele ya watu, na jamaa zake wakampa ng'ombe. Tazameni tofauti: Mwiraqw alitoka kwa kulazimika, na Mbarabaig alitoka pia kwa kutaka heshima. Lakini wote wawili walijua wanamlinda nani. Nyuma yao palikuwa na boma la mama zao.

Wajerumani ndio walioleta jambo jipya, yaani askari wa mshahara. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa kuvunja nguvu za watu wa pwani, alikuja na askari Waafrika walioajiriwa Misri, wengi wao Wasudani, na wengine waliotoka Msumbiji. Watu hao hawakuwa na ugomvi wowote na watu wa Pangani wala wa Bagamoyo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha namna hiyo, kilichoongozwa na Emil von Zelewski, kilivamiwa na Wahehe wa Mkwawa mahali paitwapo Lugalo, nacho kikavunjika. Zelewski alikufa, na askari wake wengi wakafa pamoja naye. Mhehe aliyeanguka Lugalo alikufa kwa ajili ya nchi yake. Msudani aliyeanguka pale pale alikufa kwa ajili ya mshahara wa mwezi. Tafadhalini lishikeni jina hili la Lugalo, kwa maana tutalikuta tena mbele.

Wajerumani walipofika katika nchi yetu walijenga boma lao Mbulu. Wazee waliona kwa macho yao mtu mweusi mwenye bunduki, kofia na fedha mfukoni, ambaye hata mkuu wa ukoo alimpisha njiani. Wengi walimwogopa, na vijana wengine walimtamani. Ndipo swali la kujiandikisha lilipoanza kuingia katika nyumba zetu.

Mwaka 1914 Wazungu walianza vita vyao vikuu, na vita hivyo vikaletwa mpaka huku. Mwezi wa Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali van Deventer, waliwashinda Wajerumani Lolkisale, kusini ya Arusha, wakapita Ufiome katika nchi ya Babati, wakaingia Kondoa Irangi tarehe 19 ya mwezi ule. Ilikuwa masika. Farasi walikufa kwa wingi, askari wakaugua, na magari ya chakula yakakwama matopeni. Hapo ikaonekana wazi kwamba vita vya nchi hii havitapiganwa kwa farasi wala kwa magari, ila kwa vichwa na mabega ya watu.

Basi wakatafutwa wapagazi. Waingereza peke yao walichukua watu karibu milioni moja katika nchi za Afrika ya Mashariki na za jirani, wawe wapagazi na watumishi wa jeshi. Katika hao walikufa zaidi ya 95,000. Wajerumani nao walichukua watu wengi, wala hesabu ya waliokufa upande wao haikuandikwa kwa uangalifu. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Watu wa milimani walipelekwa katika joto la mto Rufiji, wakafa kwa malaria. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, wakaupika upesi usiive, wakashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Wengine walilala mvuani usiku baada ya usiku, wakafa kwa kichomi. Aliyetua mzigo kwa udhaifu aliachwa kando ya njia.

Je, hao walichagua? Wachache walikwenda kwa kutaka mshahara. Lakini walio wengi walichukuliwa kwa hesabu: jumbe aliagizwa watu kadha, naye alitoa kwanza mtu maskini, mgeni, yatima, na yule aliyekuwa na ugomvi naye. Mahali pengi watu walivamiwa nyumbani kabla ya mapambazuko na kufungwa kamba, hata wake zao wakaamka wakiona mlango wazi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam ni ukumbusho wao, kwa kuwa latoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa sababu jamaa zao hawakuwa na hati wala hawakujua pa kudai. Na Serikali ya Uingereza ilikataa kuitoa fedha hiyo kwa faida ya watu waliofiwa. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari mwenye bunduki yake. Askari amepata sanamu. Mpagazi, ukumbusho wake ni jina la soko.

Vita vya pili vilianza mwaka 1939. Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000 waliotumikia majeshi ya Uingereza, wengine katika King's African Rifles, ambayo watu waliiita KAR, na wengine wakiwa madereva, wapishi, wauguzi, makarani, na wachimbaji wa barabara. Sasa mambo yalikuwa mchanganyiko. Wengi walijiandikisha kwa hiari. Lakini sheria za vita zilikuwa zimeruhusu pia watu kuchukuliwa kwa lazima, na wakuu wa nchi waliagizwa kutoa watu kama zamani.

Tulipokuwa watoto palikuwa na mzee mmoja kijijini, ambaye sasa amelala katika Bwana, aliyekuwa katika vita hivyo. Tulimwuliza kwa nini alikwenda. Tulitumaini atasema habari za ushujaa. Akacheka, akasema, "Wajukuu zangu, mimi nilikwenda kwa ajili ya shati." Kisha akaeleza. Baba yake alikuwa na wana watatu. Mmoja alikuwa na mke, wa pili alikuwa mchungaji hodari wa ng'ombe wa nyumbani, na yeye hakuwa na kitu. Kodi ilikuwa inadaiwa. Jumbe alipokuja kutafuta watu, macho ya watu wote barazani yalimgeukia yeye. "Sikukamatwa," akasema, "wala sikukataa. Na yule askari mwandikishaji alikuwa amevaa shati zuri sana." Tangu hapo tumefikiri mara nyingi juu ya maneno hayo. Mtu asiyekamatwa wala asiyekataa, je, amechagua?

Hao waliokwenda waliona mambo makubwa. Vikosi vya Tanganyika vilipigana na Waitalia katika nchi ya Uhabeshi. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito, kikosi cha kwanza cha KAR ya sita, ambacho kilikuwa cha Tanganyika, kilivuka mto mbele ya vifaru vya Waitalia na kushinda. Mwaka 1942 wengine walipelekwa Madagaska. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndani yake kulikuwa na vikosi vya 26 na 36 kutoka Tanganyika, iliteremka bonde la Kabaw katika Burma wakati wa mvua kuu, wakiwafuata Wajapani msituni, mpaka ikafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mzee wetu alikuwa huko. Habari za kuua hakutuambia hata neno moja. Alituambia habari za mvua tu, kwamba nguo hazikukauka kwa miezi, na nyumbu walizama matopeni wangali wamebeba mizigo.

Wengine hawakufika hata mahali pa vita. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Fikirini, wasomaji: wengi wa vijana hao walizaliwa barani, mbali na bahari, na kaburi lao likawa bahari.

Yafaa tuseme kweli pia juu ya faida. Jeshini mtu alijifunza kuendesha gari, kushona jeraha, kusoma na kuandika. Mwiraqw, Mdatoga, Mnyamwezi na Mganda, ambao lugha zao hazisikilizani kabisa, walizungumza kwa Kiswahili, hata kama ni kile Kiswahili cha kambini kilichoitwa Ki-KAR. Mzee wetu alirudi akijua kusoma Injili, naye ndiye aliyewasomea jirani barua zao kwa miaka mingi. Lakini alirudi pia akijua kwamba cheo cha uofisa kilikuwa cha Wazungu, hata Mwafrika angekuwa hodari namna gani, na kwamba mshahara wake haukulingana na wa Mwingereza waliyelala naye tope moja. Aliwapigania watu wengine ili wawe huru, kisha akarudi katika nchi isiyo huru.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na kwanza jeshi likabaki lile lile kwa jina jingine, Tanganyika Rifles, na maofisa wengi wakawa bado Waingereza. Kambi yake ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa ukumbusho wa vita vile vya mwaka 1941. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi, wakidai mshahara mkubwa zaidi na maofisa Waafrika. Madai yao yalikuwa na haki ndani yake, lakini walidai kwa bunduki, na mji ukaporwa na watu wakafa. Serikali ikalazimika kuita majeshi ya Uingereza kuwanyang'anya silaha, nayo ilikuwa aibu kubwa kwa nchi changa. Kisha jeshi lote likavunjwa.

Mwaka ule ule 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, na mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, mtu wa Meru, jirani zetu. Na ile kambi ya Colito baadaye ikapewa jina jipya: Lugalo. Hapa ndipo jina lile tuliloomba mlishike linaporudi. Colito ni mahali katika Uhabeshi, ambako watu wetu walishinda chini ya bendera ya wengine. Lugalo ni mahali ambapo watu wa nchi hii walisimama kwa ajili ya nchi yao wenyewe. Waliobadili jina hilo walitaka kumwambia kila kijana anayepita langoni kwamba sasa, kama Mwiraqw wa zamani, nyuma yake liko boma la mama yake.

Hata hivyo haikuwa rahisi kwa kila mtu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea, na mwaka 1966 ikaamriwa kwamba wasomi wa vyuo nao walitumikie kwa lazima, na sehemu kubwa ya mshahara wao wa wakati huo ikatwe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam kukataa. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 warudi kwa wazazi wao, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe. Watu wangali wanabishana ni nani aliyekuwa na haki siku ile. Sisi twaona jambo moja: kijana hawezi kupenda utumishi ambao hakuelezwa maana yake mpaka akaielewa.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi ya Kagera, yakaiteka sehemu iliyo kaskazini ya mto, yakaua raia na kuteka ng'ombe. Mapema mwezi wa Novemba Mwalimu Nyerere alisema na wazee wa Dar es Salaam, akataja mambo matatu: kwamba uwezo wa kumpiga adui tunao, sababu tunazo, na nia tunayo. Mgambo wakaitwa kutoka kila mkoa, wakulima na wafugaji, wakajiunga na jeshi. Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa waliokufa wamelazwa Kaboya, wilaya ya Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Vita hivyo vilikuwa vya haki, twasema bila woga. Lakini haki ya vita haikaushi machozi ya dada wa aliyekufa. Mambo haya mawili ni ya kweli pamoja, wala moja lisitumiwe kulifunika la pili.

Sasa tuseme neno la dini, kwa kuwa sisi ni Wakristo, na wengine huuliza kama yafaa Mkristo kushika silaha. Askari walipomjia Yohana Mbatizaji hakuwaambia watupe silaha zao. Aliwakataza kuwadhulumu watu na kuwasingizia, na akawataka waridhike na mshahara. Kornelio alikuwa mkuu wa askari mia, naye alipokea Roho Mtakatifu na ubatizo. Lakini yuko shahidi mwingine, naye ni mtu wa bara letu la Afrika. Mwaka 295, katika mji wa Tebessa ulio sasa katika nchi ya Algeria, kijana aitwaye Maximilian aliletwa mbele ya liwali wa Kirumi aandikwe askari. Baba yake alikuwa askari wa zamani. Kijana alikuwa na umri wa miaka 21. Akakataa kupimwa kimo na kuvaa alama ya jeshi, akisema yeye ni mtumishi wa Kristo. Liwali akamwonya kwamba atakufa. Hakubadili neno lake, akakatwa kichwa. Baba yake alirudi nyumbani akimshukuru Mungu.

Kanisa humheshimu Kornelio aliyekuwa askari, na humheshimu Maximilian aliyekataa kuwa askari. Wawezaje wote wawili kuwa na haki? Sisi twafikiri ni kwa sababu kila mmoja alijua anamtumikia nani, wala hakusukumwa na macho ya watu barazani. Naye Bwana wetu alisimulia habari za mfalme ambaye, kabla ya kwenda vitani na watu elfu kumi, huketi kwanza ahesabu kama aweza kumkabili mwenye elfu ishirini. Kama mfalme hana budi kuketi na kuhesabu, si zaidi kijana wa miaka kumi na minane?

Baada ya Jumapili mbili kijana alirudi. Tulimweleza haya yote, kisha tukamwambia, "Mwanangu, yale mambo matatu aliyoyataja Mwalimu Nyerere juu ya taifa, yafanye yawe maswali juu yako wewe.

"Kwanza, sababu. Ni kwa ajili ya yule mtoto aliyetolewa topeni, au ni kwa ajili ya shati? Kutafuta riziki si dhambi, lakini jua kwamba kambi ya JKT hufundisha, haiahidi ajira. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 waliondolewa huko baada ya kugoma wakidai waingizwe jeshini. Anayekwenda kwa tumaini la mshahara tu ataumia usipokuja.

"Pili, uwezo. Usipime miguu na kifua peke yake. Pima pia nyumba unayoiacha. Ni nani atakayelima na baba yako? Pima kama waweza kutii amri usiyoipenda, na kama waweza kuikataa amri ya kumdhulumu mtu asiye na hatia, hata ukiadhibiwa. Na jua kwamba askari wa leo aweza kutumwa mbali. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kongo ya mashariki, askari wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa usiku mmoja wakilinda amani. Hawakuwa wakilinda boma la mama zao, bali la mama wa wengine. Hiyo ni heshima kubwa, lakini ihesabu kabla.

"Tatu, nia. Mpagazi wa mwaka 1917 hakuulizwa nia yake. Mzee wetu wa Burma aliulizwa nusu. Wewe umepewa kuulizwa kamili, nayo ni mali ambayo wazee wako hawakuwa nayo. Ila elewa, siku ya kuapa ndiyo siku yako ya mwisho ya kuchagua kwa namna hii; baada yake utachaguliwa."

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na mama je?" Tukamwambia, "Kwa mama usiende na hoja. Nenda ukamwombe akusimulie habari za mjomba wako." Kwa maana katika nyumba ile habari hizo zilikuwa hazijasemwa tangu kijana azaliwe.

Alikwenda, na mama akasimulia. Siku chache baadaye mama mwenyewe alikuja kwetu. Tulidhani amekuja kutulaumu. Alikaa, akapokea maji ya kunywa, akasema, "Mwalimu, kaka yangu alichukuliwa na lori usiku. Sisi watoto tulikuwa tumelala. Aliona vibaya kutuamsha. Asubuhi tulikuta mahali pake patupu, na mama akatuambia, 'Amekwenda.' Miaka yote hii nimekuwa nikisema naichukia vita. Juzi nilipokuwa nikimsimulia mwanangu nimeona kwamba ninachokichukia zaidi ni ule usiku. Sisemi aende. Sisemi abaki. Lakini akienda, aende mchana, nami nimfungie mzigo wake kwa mikono yangu, na wazee wamwombee mlangoni."

Mpaka tunapoandika haya kijana yungali nyumbani, akilima na baba yake na kungoja tangazo la kuandikishwa. Hajatuambia ameamua lipi, wala hatukumwuliza. Lakini mama haondoki tena jikoni neno hilo likitajwa. Huketi akasikiliza, na mara nyingine huuliza swali.

Basi, ninyi wazazi, msiwafiche wana wenu habari za waliokwenda, hata zikiwa na uchungu. Nanyi vijana, kabla ya kutia jina lenu katika daftari, ketini kwanza mhesabu, mkawaulize waliofiwa kama mnavyowauliza waliorudi na nishani. Na sote tuwaombee walio kambini usiku huu, na mama zao.